Yakuza wana kibao mlangoni. Kwa nini basi hawafungwi?

Msomaji wa Tanga ameniandikia hivi:

"Shikamoo Mwalimu. Mdogo wangu amepata ufadhili wa kusoma Osaka, Japani, na ataondoka karibuni. Mama hali wala halali kwa sababu ya yakuza, yale magenge ya wahalifu wa huko. Mimi nilimwambia hayo ni mambo ya sinema, lakini nilipotafuta habari nikakuta kwamba magenge hayo yana ofisi zenye kibao, polisi wana majina ya wakubwa wao, na yakitokea matetemeko wanagawa maji na chakula. Nimechanganyikiwa. Kama wanajulikana hivyo, kwa nini serikali haiwafungi? Wajapani wenyewe wanawaona majambazi au wasaidizi? Na mama nimwambie nini?"

Marahaba, na hongera kwa mdogo wako. Ufadhili wa Japani haupatikani kirahisi. Mama yako nitamrudia mwishoni, kwa sababu ana haki ya kuogopa, ila anamwogopa mtu asiye.

Ulichokisoma ni kweli, ingawa kila mwaka kinazidi kuwa habari ya jana. Makundi makubwa ya yakuza yalikuwa na majengo yenye jina la kundi mlangoni, na wanachama walivaa beji kwenye koti na kugawa kadi za biashara zenye cheo cha mtu. Hadi leo polisi hutangaza kila mwaka idadi ya wanachama wa kila kundi kubwa, makao yake na jina la kiongozi wake. Yamaguchi-gumi, kundi kubwa kuliko yote, lina makao yake Kobe, kama nusu saa kwa treni kutoka Osaka, katikati ya mtaa wa watu wa kawaida. Tangu 2019 polisi wamepiga marufuku kuyatumia majengo hayo kwa sababu ya ugomvi wa ndani, lakini kabla ya hapo yalikuwa wazi kama ofisi ya chama cha ushirika. Mwaka 2013 kundi hilo lilitoa hata jarida la wanachama wake, ndani yake mkiwa na mashairi mafupi ya haiku na simulizi za safari za kuvua samaki.

Kwa upande wa sheria, jibu ni fupi. Japani haina sheria inayofanya uanachama wenyewe kuwa kosa. Katiba ya 1947, ibara ya 21, inalinda uhuru wa watu kujumuika, na waliokuwa hai wakati huo walikumbuka vizuri sheria ya 1925 iliyotumika kuwajaza magerezani wakomunisti na watu wa vyama vya wafanyakazi. Kuipa tena serikali uwezo wa kusema "chama hiki ni haramu" lilikuwa jambo zito. Kwa hiyo mtu hufungwa kwa alichokitenda: amepora, ametishia, ameua, ameuza dawa za kulevya. Kuwa kwake mwanachama hakumtoshi hakimu.

Lakini usiridhike na jibu hilo, maana Italia nayo ina katiba inayolinda uhuru wa kujumuika, na tangu 1982 kuwa mwanachama wa mafia huko ni kosa la jinai. Wajapani wangetaka wangepata njia. Sababu nzito zaidi, kwa maoni yangu, ni kwamba kwa muda mrefu yakuza walikuwa na kazi. Kulikuwa na watu wenye heshima zao, wenye suti na ofisi, waliokuwa wakiwahitaji.

Chimbuko lao ni enzi ya Edo, kati ya 1603 na 1868, nao walitoka katika makundi mawili. La kwanza lilikuwa la wachuuzi wa magulio na sikukuu za mahekalu, machinga wa siku zile, na wakubwa wao ndio waliogawa nafasi za vibanda, wakakusanya ushuru na kuamua ugomvi. Utawala wa Tokugawa ulichoka kufukuzana nao, ukaamua kuwarasimisha baadhi ya wakubwa hao, ukawaruhusu hata kubeba upanga, ilimradi watulize soko. Kundi la pili lilikuwa la wacheza kamari wa njia kuu. Huko kote walipokelewa vijana ambao hawakuwa na pa kwenda, na mkubwa akawa baba, aliye chini yake mtoto, undugu ukifungwa kwa kunywa sake, pombe ya mchele, katika kikombe kimoja. Baadaye waliongezeka watoto wa jamii za buraku, zilizodharauliwa kwa vizazi kwa sababu ya kazi za kuchinja na kutengeneza ngozi, na watoto wa Wakorea waliobaki Japani baada ya ukoloni. Kijana aliyenyimwa ajira kwa sababu ya mtaa aliozaliwa alikuta huko hakuna anayemuuliza. Mambo ya vidole vilivyokatwa na tatuu za mwili mzima ni kweli, lakini sitakaa hapo. Sinema zimeyasema hadi yakachosha, na yanaficha habari yenyewe, ambayo ni pesa.

Angalia mwaka 1945. Japani ilitangaza kusalimu amri tarehe 15 Agosti. Miji imeungua, mgawo wa chakula hautoshi kumweka mtu hai, polisi hawana nguvu. Tarehe 20, siku tano tu baadaye, mkubwa mmoja wa wachuuzi aitwaye Kinosuke Ozu alikuwa ameshafungua soko la magendo mbele ya stesheni ya Shinjuku, Tokyo, na kutundika taa zake katika mji uliokuwa giza. Watu walinunua sufuria, viazi, nguo. Magendo, ndiyo, lakini bila masoko kama hayo wengi wangekufa njaa, na aliyesimamia amani sokoni hakuwa polisi. Kizazi kizima kiliingia katika amani kikiwa na deni la namna hiyo kwa majambazi.

Kisha yakaja makampuni. Yamaguchi-gumi lilianzishwa Kobe mwaka 1915 na Harukichi Yamaguchi, aliyekuwa akikusanya makuli wa bandari. Kazuo Taoka alipolishika mwaka 1946 lilikuwa kundi dogo la mtaani. Alipofariki 1981 lilikuwa limeenea nchi nzima. Taoka hakutajirika kwa kuvunja nyumba za watu. Alitoa vibarua wa kupakua meli pale Kobe, na mwenye meli aliyetaka shehena yake ishuke kwa wakati bila mgomo alijua wa kumwona. Mwaka 1957 alifungua kampuni ya burudani iliyosimamia maonyesho ya Hibari Misora, mwimbaji aliyependwa kuliko wote wa zama zile. Fikiria: bibi aliyekwenda na wajukuu kumsikiliza Misora alikuwa akiliingizia kundi pesa kwa tiketi yake halali.

Siasa nayo ilikuwa na haja zake. Mwaka 1960 wachimba makaa ya mawe wa Miike, mgodi wa kampuni ya Mitsui katika kisiwa cha Kyushu, waligoma kwa miezi, na mgomaji mmoja akauawa kwa kisu na mtu wa genge. Mwaka huohuo Rais Eisenhower wa Marekani alitarajiwa Tokyo, maandamano yalikuwa makubwa, na chama tawala kikaona polisi hawatoshi. Yoshio Kodama, mtu wa mrengo wa kulia aliyejua milango yote, akapewa kazi ya kuwakusanya yakuza kwa maelfu walinde barabara. Ziara ikafutwa, lakini wazo lenyewe lilitoka ndani ya nyumba ya serikali. Baadaye, mwaka 1976, jina la Kodama huyohuyo liliibuka katika kashfa ya rushwa ya ndege za Lockheed. Hapo ndipo unapoona kwa nini hakuna aliyekuwa na haraka ya kuwafunga. Kufikia 1963 polisi walikadiria wanachama na washirika wao kuwa 184,100, katika makundi zaidi ya 5,000.

Katika miaka ya 1980, bei ya ardhi ilipopanda hadi ikaleta wazimu, kazi zao zikaongezeka. Mwenye mtaji anataka kujenga mnara katikati ya Tokyo, na pale pana nyumba ndogo ishirini za wazee wasiotaka kuuza wala kuhama. Sheria ya Japani inamlinda sana mpangaji, na kesi ingechukua miaka. Basi anatumwa dalali, dalali anatuma vijana: usiku kelele, asubuhi takataka mlangoni, siku nyingine gari limegonga ukuta. Mzee anauza. Benki iliyokopesha fedha haikuuliza kiwanja kilipatikanaje.

Na walikuwapo wengine waliofanya kazi safi zaidi kwa macho. Walinunua hisa chache za kampuni, wakahudhuria mkutano mkuu wa mwaka, na aliyeshika usukani akachagua: alipe, au wasimame mbele ya wanahisa waanze kuuliza habari za hawara wa mwenyekiti na hasara zilizofichwa. Makampuni yalilipa. Mengine yaliwalipa wawanyamazishe wanahisa halali wenye maswali magumu. Ili kupunguza usumbufu, makampuni mengi yalifanya mikutano yao siku moja, mwishoni mwa Juni, maana mtu hawezi kuwa mahali pawili kwa wakati mmoja. Sheria ilipiga marufuku malipo hayo mwanzoni mwa miaka ya 1980, lakini mwaka 1997 ilibainika kwamba Nomura, kampuni kubwa kabisa ya hisa, na benki ya Dai-Ichi Kangyo walikuwa bado wakimnufaisha mtu mmoja wa aina hiyo kwa siri. Wakubwa walikamatwa, na mwenyekiti wa zamani wa benki hiyo akajiua.

Sasa, kilichobadilika ni nini? Kwanza, damu ilimwagika hadharani. Taoka alipofariki kundi lake liligawanyika, na Januari 1985 kiongozi mpya, Masahisa Takenaka, alipigwa risasi karibu na Osaka. Vita iliyofuata iliendelea hadi 1989 na kuua zaidi ya watu 20. Pili, kiputo cha bei ya ardhi kilipasuka, na benki zilipokwenda kudai madeni yao zikakuta wadaiwa wengine hawagongewi mlango. Yule aliyekuwa msaada sasa alikuwa hasara.

Bunge likapitisha sheria mwaka 1991, ikaanza kazi tarehe 1 Machi 1992. Isome kwa makini, kwa sababu ndiyo jibu la swali lako. Haikuwapiga marufuku yakuza. Iliziruhusu kamisheni za mikoa kuyatangaza rasmi makundi fulani kuwa makundi ya ukatili, kwa vigezo vinavyopimika: ni wangapi kati ya wanachama wana rekodi ya jinai, je, kundi lina ngazi chini ya mkubwa mmoja, je, linatumia jina lake kujipatia riziki. Kundi likishatangazwa, mwanachama wake akija dukani na kusema tu kwa upole "tungependa mchango wako," polisi wanaweza kumwandikia amri ya kuacha, na akirudia anashtakiwa. Zamani maneno hayo ya upole hayakuwa kosa lolote, ingawa kila mwenye duka alielewa kilicho nyuma yake.

Wenyewe hawakupenda. Mei mwaka huohuo mtengeneza filamu Juzo Itami alitoa filamu ya kuchekesha iliyowafundisha watu wa kawaida jinsi ya kumkatalia yakuza bila kutetemeka. Siku chache tu baadaye watu watano wa genge walimvizia karibu na nyumba yake wakamchana uso kwa visu. Hawakumtaka afe. Walitaka aonekane. Lakini hasira iliyozuka nchini iliwaumiza wao kuliko alivyoumia yeye, na filamu yake ikazidi kutazamwa.

Pigo lenyewe, hata hivyo, lilikuja karibu miaka 20 baadaye, tena kupitia sheria ndogo za mikoa, zile ambazo hakuna anayezitilia maanani. Fukuoka ilianza mwaka 2010, na kufikia Oktoba 2011 mikoa yote 47 ilikuwa nazo, Tokyo na Okinawa zikiwa za mwisho. Zilimgeukia mlipaji. Mwenye baa anayelipa pesa ya ulinzi, au anayekubali kukodishiwa taulo na maua kwa bei ya ajabu ambayo kila mtu anajua maana yake, huonywa, akiendelea hutangazwa jina, na mwishowe anaweza kushtakiwa yeye. Mikataba ikajazwa kifungu cha kuapa kwamba mteja si yakuza: ya benki, ya simu, ya nyumba, ya bima, ya hoteli. Mwanachama anayesaini kwamba si mwanachama amefanya udanganyifu. Kesi za watu waliocheza gofu wakificha uanachama wao zilifika hadi Mahakama ya Juu ya nchi. Mti haukukatwa, ulinyimwa maji.

Agosti 2011, kabla hata ya Tokyo kuanza, Shinsuke Shimada, mchekeshaji aliyekuwa akitawala televisheni, aliitisha waandishi wa habari akatangaza kustaafu kwa sababu ya uhusiano wake na yakuza. Hakushtakiwa kwa lolote. Miaka kumi kabla yake, picha na mkubwa wa genge isingemnyima msanii usingizi. Mwaka 2013 benki ya Mizuho iliaibishwa na mamlaka ya fedha kwa mikopo iliyowafikia watu wa magenge, na wakubwa wake wakajieleza mbele ya taifa. Nao wacheza sumo walishakutwa mwaka 2010 wakicheza kamari ya besiboli iliyokuwa mikononi mwa yakuza, na shirika la utangazaji la taifa, NHK, likakataa kurusha moja kwa moja mashindano ya Julai. Orodha ni ndefu; tuiache.

Hapo nifike kwenye swali lako la pili. Wajapani wanawaonaje? Inategemea unamuuliza nani, na anaishi wapi. Aliyewaona kwenye sinema tu anaweza kuwa na huruma nao. Aliyepanga karibu na ofisi yao hana. Huko Kyushu makundi mawili yalipigana kwa miaka, na Novemba 2007 mgonjwa aliyekuwa amelazwa hospitali mjini Takeo aliuawa kwa kudhaniwa ni mtu wa upande wa pili. Hakuwa na uhusiano nao wowote. Mwaka uliofuata mamia ya wakazi wa Kurume, watu wazima na familia zao, walikwenda mahakamani kudai kundi la Dojin-kai lifukuzwe mtaani kwao. Kuweka jina lako kwenye hati ya mashtaka dhidi ya watu wenye bunduki, wanaojua unapoishi, ni jambo ambalo mimi sina hakika ningelifanya.

Mji wa Kitakyushu ndio uliolipa gharama kubwa kuliko yote. Kundi la huko, Kudo-kai, halikujali desturi ya zamani ya kutowagusa raia. Mwaka 2012 baa zilipobandika karatasi za kuwakataza yakuza kuingia, waliozibandika walichanwa nyuso na majengo kuchomwa. Askari mstaafu alipigwa risasi. Muuguzi wa kliniki iliyomhudumia mkubwa wao, Satoru Nomura, alichomwa kisu. Agosti 2021 mahakama ya Fukuoka ilimhukumu Nomura kifo, mara ya kwanza kwa kiongozi wa kundi lililotangazwa. Machi 2024 mahakama ya rufani iliona ushahidi wa mauaji ya mtu mmoja mwaka 1998 hautoshi kumtia hatiani yeye, ikageuza hukumu kuwa kifungo cha maisha kwa makosa mengine. Kabla ya hapo alikuwa amekutwa na hatia nyingine ya kuvutia: kukwepa kodi ya kama yen milioni 320. Michango inayopanda kila mwezi kutoka kwa walio chini kwenda juu, waendesha mashtaka walisema, ni mapato yake binafsi, na mapato hulipiwa kodi. Makao makuu ya kundi hilo yalibomolewa, sehemu ya fedha za kiwanja ikawafidia waathirika, na kiwanja kikanunuliwa na shirika linalosaidia wasio na makazi.

Na msaada wa maafa? Ni kweli kabisa. Tetemeko la Kobe la tarehe 17 Januari 1995 liliua zaidi ya watu 6,400, serikali ilichelewa kwa namna ya aibu, na Yamaguchi-gumi waliokuwa palepale waligawa maji, chakula na nepi kutoka makao yao. Mwaka 2011, baada ya tsunami, makundi ya Tokyo yalipeleka malori kaskazini. Sitaki kusema waliofanya hivyo hawakuwa na huruma. Wengine ni watu wa miji hiyohiyo. Lakini lori la mablanketi huwa linajua njia ya kurudi. Ilipoanza kazi ya kusafisha mionzi ya mtambo wa nyuklia wa Fukushima, watu wa magenge walikamatwa kwa kupeleka vibarua kinyume cha sheria, na malalamiko ya mishahara kukatwa njiani yalikuwa mengi. Ni kazi ileile ya Taoka bandarini, miaka 60 baadaye. Walikuwa pia na desturi ya kuwagawia watoto wa jirani peremende wakati wa Halloween pale Kobe, watoto wakipanga foleni langoni. Mwaka 2020 mkoa wa Hyogo, ambamo Kobe imo, ulitunga kanuni ya kuwakataza kuwapa watoto chochote.

Leo ni wachache na ni wazee. Mwishoni mwa 2024 polisi walihesabu 18,800 pamoja na washirika, mara ya kwanza kushuka chini ya 20,000, na zaidi ya nusu ya wanachama wana miaka 50 na kuendelea. Vijana hawaingii. Kijana wa siku hizi aje kufagia ofisi ya mzee miaka mitatu, asipate akaunti ya benki wala laini ya simu, ili iweje? Na anayetaka kutoka hukuta ukuta: kwa miaka mitano baada ya kuacha bado benki na wenye nyumba wanaweza kumhesabu kuwa yakuza. Hapa naona sheria imekosea. Unamwambia mtu aache wizi, kisha unamnyima pa kupokelea mshahara. Mwaka 2022 polisi walianza kuzihimiza benki ziwafungulie akaunti waliopata kazi, lakini waliofaidika ni wachache mno.

Wengine wamerudi kwenye riziki ndogondogo. Wanazamia usiku kuvua jongoo bahari na konokono wa baharini kwa magendo kule Hokkaido na Aomori, biashara ambayo watu wa pwani yetu wanaijua kwa kuwa mnunuzi ni yuleyule, Mchina. Adhabu imepandishwa hadi faini ya yen milioni 30, na bado wanazamia. Mara moja waligusa pesa za Afrika: alfajiri ya Jumapili tarehe 15 Mei 2016 watu zaidi ya 100 waliingia kwenye maduka ya 7-Eleven katika mikoa mingi ya Japani wakiwa na kadi bandia zilizobeba taarifa za Standard Bank ya Afrika Kusini, ndiyo yenye Stanbic za huku kwetu, wakatoa zaidi ya yen bilioni 1.4 kwenye mashine kabla ya saa mbili asubuhi. Kati ya waliokamatwa walikuwamo watu wa makundi hasimu, waliokuwa wakiwindana wakati uleule. Kumbe kwenye hela uhasama ulipumzika.

Kisa hicho kinaonyesha uhalifu ulikokuwa unaelekea. Pengo waliloliacha wazee limejazwa na watu wasio na kibao, beji wala mkubwa anayejulikana. Matangazo ya "kazi ya siku moja, malipo makubwa" huwekwa kwenye mitandao ya kijamii, anayejibu huhamishiwa Telegram au Signal, huombwa picha ya kitambulisho na anwani ya wazazi, kisha huagizwa: kachukue bahasha kwa bibi fulani, kasimame mlangoni, kavunje. Akitaka kujitoa, wana anwani ya wazazi. Januari 2023 mwanamke wa miaka 90 aliuawa nyumbani kwake Komae, Tokyo, katika wizi wa aina hiyo, na waliokuwa wakitoa amri walikuwa wamefungiwa kwenye kizuizi cha wahamiaji Manila, Ufilipino, wakitumia simu. Mwaka 2024 utapeli wa simu na mitandao wa aina ya "mjukuu wako amepata ajali, tuma pesa" uliwanyang'anya watu, wengi wao wazee, zaidi ya yen bilioni 70. Polisi walioweza kwenda kunywa chai na mkubwa wa Yamaguchi-gumi na kumwambia "vijana wako wamezidi" hawana wa kwenda kumwona sasa. Baadhi ya magenge ya zamani huwapa hawa ulinzi au kuchukua sehemu ya mapato, lakini usukani mara nyingi hawaushiki tena.

Ndiyo maana nilisema mama anamwogopa mtu asiye. Mwambie hivi: yakuza mwenye tatuu hana shida na mwanafunzi, na mdogo wako anaweza kumaliza masomo bila kumwona hata mmoja. (Kama yeye ndiye mwenye tatuu, aizibe. Mabafu mengi ya umma na mabwawa ya kuogelea huwarudisha mlangoni wenye tatuu, na hawaulizi umetoka Tanga au wapi.) Anayepaswa kuogopwa ni tangazo la kazi kwenye simu. Mwanafunzi wa kigeni akipata kibali huruhusiwa kufanya kazi saa 28 kwa wiki, na kazi halali zina mkataba, jina la kampuni na mlango wa kugonga. Yeyote atakayemwambia apokee kifurushi kwa jina lake, atoe pesa kwa kadi ya mtu mwingine, au auze akaunti yake ya benki na laini ya simu anapokaribia kurudi nyumbani, amkatae papo hapo. Hilo la mwisho wanafunzi wengi wa kigeni huliona dogo, "nimeshamaliza, akaunti ya nini tena," lakini ni kosa la jinai, na akaunti hiyo ndiyo itakayopokea akiba ya bibi aliyetapeliwa. Aifunge kwa mkono wake benki kabla ya kupanda ndege. Na akishajikuta ameingia, wameshika picha ya pasipoti yake na wanamtisha, asiwatumikie hata siku moja zaidi kwa hofu: apige #9110, namba ya polisi ya ushauri, au kama ni hatari ya papo hapo, 110, kisha aende ofisi ya wanafunzi wa kigeni chuoni kwake siku hiyohiyo.